Mgeni Aliyeondoka na Lugha Yetu

Mwezi Julai mwaka 2004, viongozi wa Afrika walikutana mjini Addis Ababa. Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika aliyekuwa akimaliza muda wake alisimama kuhutubia, na kinyume cha matarajio ya wengi akanena kwa Kiswahili. Wakalimani hawakuwa wamejiandaa, na wajumbe wengi wakashikwa na mshangao. Msemaji huyo hakuwa Mtanzania wala Mkenya. Alikuwa Joaquim Chissano, Rais wa Msumbiji.

Kiswahili hicho alikipata uhamishoni. Alizaliwa mwaka 1939 katika kijiji cha Malehice, kusini mwa Msumbiji, mbali na watu wasemao Kiswahili. Mwaka 1961, akiwa mwanafunzi wa utabibu nchini Ureno, aliitoroka nchi hiyo ya watawala wake akakimbilia Ufaransa. Baadaye alijiunga na wenzake wa FRELIMO, chama cha ukombozi kilichoundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Eduardo Mondlane, kiongozi wao, aliuawa kwa bomu mjini humo Februari 1969, lakini mapambano hayakukoma. Tangu mwaka huo hadi 1974 Chissano alikuwa mwakilishi wa chama chake Dar es Salaam.

Baada ya Mkataba wa Lusaka wa Septemba 1974, mkimbizi huyo alirudi kwao kuwa Waziri Mkuu wa serikali ya mpito. Uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Samora Machel alipofariki katika ajali ya ndege Oktoba 1986, Chissano alishika urais, akauacha kwa hiari mwaka 2005.

Sisi wa kando ya Ziwa tunalo la kujifunza hapa. Mirongo, Msukuma, Mkerewe, Mjita na Mhaya huuziana na kusikilizana kwa Kiswahili, lugha ambayo wazee wao wengi hawakuinyonya kwa mama zao. Walijifunza kwa kuishi pamoja, kama alivyojifunza Chissano. Lugha yetu haikukua kwa kufungiwa ndani. Ilikua kwa kukaribisha.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Watanzania wa miaka ile walitoa hifadhi bila kujua nani kati ya wageni wale angekuja kuwa waziri, na nani angekufa kabla ya uhuru. Swali hilo halijatuondoka. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na baadaye ikawapokea Warundi pia. Yapo maneno ya dharau juu ya watu hao, kana kwamba ukimbizi ni kabila au tabia.

Hatusemi kwamba kila mkimbizi atakuwa waziri. Wengi watakuwa wakulima, mafundi na walimu katika nchi zao. Lakini kila mmoja ataondoka na kitu chetu kinywani na moyoni mwake. Ni juu yetu kuamua kiwe kitu gani.