Uvimbe wa Titi kwa Mama Mzee: Maumivu Si Ushahidi

Kati ya yote yaliyotangazwa kuhusu saratani ya matiti, lililowaingia watu zaidi ni hili: uvimbe usiouma ndio wa kuogopa. Ni kweli, kwa kuwa saratani nyingi za titi huanza kimyakimya. Ila mitaani neno hilo limegeuzwa: basi unaouma hauna neno. Ndivyo mama wa miaka 65 mwenye uvimbe unaochoma anavyopewa pole, dawa ya kuchua na ushauri wa kusubiri.

Hesabu hiyo ina kasoro. Zipo saratani, ingawa si nyingi, zinazojitokeza na maumivu. Tena ipo aina moja, nayo ni kali, inayovimbisha titi ndani ya wiki chache: titi linapata joto, rangi inabadilika, ngozi inakuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Kwa macho ni jipu, na mara nyingi antibayotiki huandikwa kwanza. Kuzijaribu si kosa. Kosa ni kurudia dozi ya pili na ya tatu pasipo mtu kujiuliza imekuwaje mwanamke aliyeacha kunyonyesha miaka 30 iliyopita apate jipu la titi.

Umri ndio unaobadilisha mambo. Kwa msichana, matiti huuma na kutulia kwa kufuata hedhi, na vinundu vingi huwa si saratani. Hedhi ikishakoma, sababu hiyo haipo tena, na hata vifuko vya maji hupungua, hasa kwa asiyetumia dawa za homoni. Ndiyo maana uvimbe mpya kwa mama mzee hutiliwa shaka mpaka vipimo vimsafishe. Huenda ukawa kifuko cha maji, mrija wa maziwa uliovimba, au mafuta yaliyokufa baada ya titi kugongwa. Lakini kidole peke yake, kiwe cha daktari au cha shangazi, hakiwezi kulikata shauri hilo.

Uchunguzi kamili una hatua tatu. Kwanza daktari humtazama mama akiwa ameketi, mikono chini kisha juu, akitafuta chuchu iliyozama au ngozi iliyovutwa. Halafu hupapasa matiti yote mawili, makwapa na sehemu ya juu ya mtulinga. Pili ni picha. Mammografia huonyesha vizuri zaidi kwa wazee kwa sababu titi lao lina mafuta mengi kuliko tezi, na ultrasaundi hutenganisha maji na nyama. Tatu ni kuchukua kinyama: ganzi huchomwa, sindano maalumu inalia tak, na vipande vyembamba hutiwa kwenye kichupa cha fomalini kupelekwa maabara.

Sindano hiyo ina sifa mbaya. Husemwa kwamba ukiuchokoza uvimbe, saratani inaamka na kusambaa. Ukweli ni kwamba wengi hufika hospitali ikiwa imeshasambaa, wanapimwa, wanazidiwa, na sindano inabebeshwa lawama za mwaka mzima wa kusubiri.

Kuna na haya. Bibi anaweza kumwonyesha mtu yeyote goti lake, titi hapana. Akisindikizwa na mjukuu wa kiume atamwambia daktari kwamba kifua kinambana, naye atarudi nyumbani na dawa ya kikohozi. Heri asindikizwe na binti au mkwe wa kike, na aombe muuguzi wa kike awepo chumbani.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango unaotaka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Ni lengo jema, ila siku hizo huanza kuhesabiwa mlangoni mwa zahanati. Miezi ya kusugua mafuta ya nazi haimo.

Kwa hiyo, unayempeleka mama, usitosheke na dawa ya kutuliza maumivu. Apewe, ni haki yake, lakini dai pia rufaa ya kwenda panapopigwa picha na kuchukuliwa kinyama. Maumivu yakiisha na uvimbe ukabaki, kazi bado. Na kama daktari hakuligusa titi, mama huyo hajapimwa.