Sabuni Hasi

Kompyuta ya duka moja la jumla pale Mwanga, mjini Kigoma, ilionyesha kwamba ghalani mna katoni hasi 340 za sabuni ya mche. Nikamuuliza karani maana yake. Mzee yule, ambaye kompyuta hiyo ilimkuta kazini na ikazeeka mbele ya macho yake, hakuinua hata kichwa. "Hizo zimeshauzwa, mdogo wangu. Hazijafika tu."

Nimewahi kuona mtu akidaiwa sabuni. Ghala kudaiwa sabuni ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Nilikuwa pale kwa sababu tajiri alikuwa amenunua mfumo mpya, na kijana mmoja alikuwa ametoka Dar es Salaam na laptopu mbili kuja kuusimika. Niliomba kiti kwenye kona, nikakaa siku nne. Mfumo uliokuwa unaondoka ulikuwa na kila dalili ya uzee. Uliishi ndani ya Windows XP, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014. Ulichapa ankara kwa printa ya sindano inayolia kama cherehani ya fundi mwenye nguo nyingi za Idi. Haukujuana na mashine ya EFD, ambayo TRA ilianza kuwadai wafanyabiashara mwaka 2010, kwa hiyo mauzo yaleyale yaliingizwa kwenye kompyuta, yakaingizwa tena kwenye mashine ya risiti, kisha karani akayaandika mara ya tatu kwenye kaunta buku lake. Ukimuuliza anaamini kipi kati ya hivyo vitatu, anaweka kiganja juu ya kaunta buku, kama mtu anayezuia kifuniko cha sufuria kisiruke.

Siku ya kwanza kijana alihamisha orodha ya bidhaa huku akipiga mluzi. Siku ya pili mluzi ulikoma.

Sabuni ya mche peke yake ilikuwa na majina manne: "Sabuni ya mche", "Sabuni mche", "S/mche" na "Mche wa sabuni", kwa kuwa kila aliyewahi kukikalia kiti kile aliiandika alivyozoea kuitaja. Mzigo wenyewe hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, au huja kwa lori, na ankara yake mara nyingi hufika nyuma ya mzigo. Boti pale kwenye mwalo wa Kibirizi hazingoji ankara. Mteja akitaka katoni 100 na boti yake inaondoka magharibi, zinashushwa kwenye lori, zinapakiwa kwenye kirikuu, na kompyuta inaambiwa zimetoka kwenye ghala ambalo kwa hesabu zake ni tupu. Hapo ndipo hasi inapozaliwa. Baada ya wiki mbili ankara inafika, anaipokea mtu mwingine, anaiingiza kwa jina jingine. Sabuni moja inazidi kudaiwa, nyingine inazidi kujaa, na zote ni sabuni ileile.

Kijana alijumlisha majina yote manne: kutoa 340, kuongeza 298, kuongeza 61, kuongeza 6. Zikabaki katoni 25. Tukaenda ghalani kuhesabu, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukapata 11. Tukarudia. 11.

"Kumi na nne zimeibwa," akasema, kwa sauti ya chini ya mtu aliyelelewa vizuri.

Karani akafungua kaunta buku kwenye ukurasa uliokunjwa kona. Mstari mmoja wa wino wa buluu: "14 mche. Mama wa Kalemie. Alhamisi. M/K." Kalemie ni ng'ambo ya ziwa, Kongo. M/K ni mali kauli: chukua, kauze, ulete hela. Hapakuwa na saini wala namba ya simu. Palikuwa na alama ndogo pembeni, mfano wa mkia wa samaki, na tafsiri yake alikuwa nayo karani peke yake. Maana yake ni kwamba mama huyo hajawahi kuchelewesha deni zaidi ya safari mbili.

Ndiyo maana sikubaliani na wauza mifumo wanapotaja "mfumo wa kizamani" huku wakinyoosha kidole kwenye kompyuta yenye vumbi. Kompyuta ile ilikuwa imestaafu siku nyingi, imebaki kupiga chapa tu. Mfumo uliokuwa unaendesha duka ni kaunta buku pamoja na kichwa cha mtu mmoja, tena anayekaribia kustaafu naye. Huo ndio uliopaswa kuhamishwa, na kwenye ule mkoba wa laptopu hapakuwa na waya wake.

Mwambao huu wa Ziwa Tanganyika umezoea hesabu ambazo mgeni hazioni. Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyefika Ujiji mapema mwaka 1874, alilitazama soko na kueleza fedha yake. Bei zilitajwa kwa shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya shina la kiko lililovunjika. Soko likifunguliwa, watu wenye mifuko ya sofi waliwabadilishia wanunuzi shanga za aina nyingine. Soko likifungwa, wauzaji waliwarudishia sofi zilezile, nao wabadilishaji wakapata faida asubuhi na jioni. Aliyetoka Pwani na mizigo ya shanga za aina nyingine alikuwa na mali, lakini hakuwa na fedha mpaka apite kwa watu wale.

Leo mteja wa ng'ambo hufika Mwanga na faranga za Kongo, dola na shilingi katika pochi moja. Mfumo wa zamani ulikuwa na nafasi moja ya bei, kwa shilingi, kwa hiyo kiwango cha kubadilishia kilikaa kwenye kaunta buku, kwa penseli ili kifutike. Mfumo mpya unajua fedha za dunia nzima. Kijana alionyesha kwa fahari jinsi unavyojaza kiwango chenyewe kila asubuhi. Karani aliuliza swali moja tu: saa kumi jioni, boti zikiwa zinapakia, nani ataujaza?

Serikali yenyewe iliungua mapema kwa mambo haya. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipohamishiwa humo zilivurugika, ikabidi kazi irudishwe mikononi mwa makarani. Mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta Tanzania Bara, pamoja na televisheni, ambayo sijaona popote kosa lake katika hesabu za Wizara. Waliokichunguza kisa kile wanarudia kilio kilekile cha uhaba wa wataalamu. Adhabu ikaiangukia mashine, ambayo haikuwa na wa kuisemea.

Kinachonishangaza zaidi ni majira yake. Biashara ya jumla ilikuwa imeshahamia mikononi mwa umma, kwanza chini ya shirika la umma la STC kuanzia 1967, na tangu 1973 chini ya kampuni za biashara za mikoa, zile RTC ambazo kila mtu mzima anazikumbuka kwa foleni. Yaani katika miaka ileile nchi ilipojitwisha kazi ya kugawa sukari, sabuni na kanga mkoa kwa mkoa, mpaka huku mwisho wa reli, ilikuwa imejinyima chombo cha kuhesabia. RTC ziliendeshwa kwa leja, kadi za stoo na vibali. Sidai kwamba kompyuta ingeleta sukari ambayo haikuwapo. Ingesaidia tu kujua haipo wapi.

Kisha ukaja msako wa wahujumu uchumi wa 1983. Kwa muuza jumla wa wakati ule, daftari la kweli lilikuwa hatari kuliko bidhaa yenyewe, kwa sababu bidhaa huisha lakini maandishi hubaki. Karani wetu alijifunza kazi chini ya mzee aliyepita katika msako huo, na sidhani kama mkia wa samaki pembeni mwa ukurasa ni urembo. Mtu aliyelelewa hivyo ukimwambia "andika kila kitu, ofisi kuu wataona papo hapo", wewe unadhani umemtangazia neema. Yeye amesikia kitu kingine kabisa.

Kuna mahali kazi kama hii imefanywa kwa akili. Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, ni muuza jumla kama wengine, ila wateja wake wakuu ni hospitali, vituo vya afya na zahanati za umma. Baadhi ya zahanati hizo ziko mwambao wa kusini, wilayani Uvinza, ambako dawa hufika kwa boti. Mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa dawa, eLMIS, ulipoanza kuenezwa nchini miaka kumi na kitu iliyopita, hakuna aliyedai kila zahanati iwe na kompyuta kwanza. Mhudumu aliendelea kujaza fomu ya karatasi ya ripoti na maombi, ikapelekwa wilayani, na huko ndiko ilikoingizwa kwenye mfumo. Mpaka kati ya karatasi na skrini ulichorwa mapema, ukachorwa mahali umeme na intaneti vinapoishia. Kwetu hilo si dogo. Gridi ya Taifa yenyewe iliingia mkoani Kigoma mwaka 2022, na kabla ya hapo mji uliendeshwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO.

Duka la Mwanga lilitaka kuuchora mpaka huo katikati ya kaunta, siku moja, tarehe 30 Juni. Ni tarehe nzuri kwa mhasibu. Tajiri mwenyewe, mama anayekaa kwenye sanduku la fedha na kusema mara chache, aliitazama kalenda, akatazama nje kana kwamba anautafuta mwezi mchana kweupe. "Baba, hiyo ni giza." Kijana akajibu kwamba watafunga kazi kabla jua halijazama. Ikabidi aelezwe. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi yake kukiwa na giza. Usiku wa mbalamwezi nyavu hupumzika, hela hupungua kwenye mialo ya Katonga na Kibirizi, na dukani watu hupita kusalimia tu. Hapo ndipo pa kuhesabu mali. Ukifunga duka wakati wa giza, umefukuza wateja wako bora, na watakwenda kwa jirani ambaye bado anatumia daftari.

Kalenda hiyohiyo ndiyo iliyonipa hofu kuhusu kipengele ambacho kijana alikisifia kuliko vyote: mteja akipitisha siku 30 bila kulipa, mfumo unamfungia wenyewe. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kama mfumo huu ungekuwapo, kufikia Julai ungekuwa umeifungia Katonga nzima. Karani aliivuka miezi ile kwa kumpunguzia huyu, kumsogezea tarehe yule, na kumnyima kabisa mmoja ambaye alimwona amenunua pikipiki mpya. Sharti la siku 30 hatimaye lilizimwa. Lipo, lakini limezimwa, na kijana aliniomba nisimwambie bosi wake.

Kuhusu kompyuta ya zamani, pendekezo lilikuwa ipelekwe shule. Nilipinga, na ndilo neno pekee nililochangia kwa siku nne. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na kumbukumbu iliyoko ndani ya programu isiyofunguka ni sawa na iliyoungua. Hapa Kigoma tuna mfano mzuri kuliko sheria. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen Julai 1916, wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Meli ikaibuliwa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Walijua wanaachana nayo, ila hawakutaka atakayeiibua akute kutu. Kompyuta ikabaki ghalani juu ya kreti la soda, imefunikwa kanga, inawashwa mara moja kwa mwezi.

Zikabaki zile katoni 14. Mfumo mpya haukubali upungufu bila sababu, na sababu zilikuwa tatu: Imeharibika, Imeibwa, Muda umekwisha. Kijana akashauri ichaguliwe "Imeibwa" kwa muda, itarekebishwa baadaye. Karani akavua miwani.

"Nikiandika hivyo, mwizi ni nani? Yule mama?"

Kijana akapiga simu Dar es Salaam. Mazungumzo yalianza adhuhuri, yakaisha watu wameshatoka kuswali alasiri. Sababu ya nne ikatokea kwenye orodha: Mali kauli. Ukiichagua, dirisha jingine linafunguka na kudai jina la kwanza la mteja, la kati, la ukoo, na TIN yenye tarakimu tisa. Mteja wa Kalemie atakuwa na TIN ya Tanzania kwa ajili ya nini, hilo halikujadiliwa.

Karani akasogeza kiti, akaandika kwa kidole kimoja, bila haraka. Jina la kwanza: Mama. La kati: wa. La ukoo: Kalemie. TIN: sifuri tisa. Mfumo ukampokea.