Konsoli ya mdogo wangu, batri za laptop na video ya muhogo

Mniwie radhi: mimi ni agronome, si mtu wa elektroniki. Lakini wengi huku Kilibula wameniuliza natumia nini kuonyesha video shambani mahali pasipo kuran. Leo naeleza.

Ninatembelea wakulima wa tambarare ya Ruzizi kuwaonyesha namna ya kuchagua miti ya muhogo isiyo na mozaiki. Kuongea tu haitoshi. Mtu anataka kuona jani lililojikunja, lenye madoa ya manjano, alitofautishe na jani zima. Simu ni ndogo kwa watu 15. Televizio inataka jenereta, jenereta inataka mafuta, na mimi sina mshahara.

Mdogo wangu naye iko na PlayStation 2 moja. Watoto wa kartie wanalipa kucheza, na franka hizo njo zinasaidia minerval ya dada yetu. Kuran ikikatika, kazi imekufa. Nilipomwambia tuigeuze iwe kitu cha kubeba mkononi, alinijibu: «Yaya, ukiiunguza, wewe njo utalipa minerval?» Hakuwa anacheka.

Wazo si langu. Mwaka 2000 Mmarekani Ben Heckendorn aliunda Atari 2600 ya kushika mkononi, na tangu hapo watu wengi duniani wanafanya hivyo kwa konsoli mbalimbali. Kuna wanaokata hadi kadi ya Wii, wabakize kipande cha lazima tu, sawa vile sisi tunapogoa kahawa. Mimi sikukata kadi. Kwa mtu wa mara ya kwanza, ukikata pabaya hakuna kurudi.

Swali la kwanza: konsoli inakula volti ngapi? PlayStation 2 nene inaingiza volti 220 ndani yake. Lakini zile nyembamba, kuanzia namba 70000 hadi 79000, chajeri iko nje na inaleta volti 8.5 tu. Za 90000 zilirudisha chajeri ndani. Basi geuza konsoli, soma namba chini yake kabla ya kununua chochote.

Swali la pili: batri. Ndani ya batri ya laptop iliyokufa mna vipande vya mviringo vinavyoitwa 18650, maana upana ni milimita 18 na urefu 65. Mara nyingi vimekufa kimoja au viwili tu, vingine bado vizima. Kila kimoja kina volti 3.7, kikijaa 4.2. Ukiunga viwili kwa mfuatano unapata 7.4, vikijaa 8.4. Ni karibu sana na 8.5, na konsoli inakubali. Nilichukua vinne, jozi mbili. Vyangu vilibaki na ampea 2 kwa saa kila kimoja, kwa hiyo jumla ni 7.4 mara 4, karibu wati 30 kwa saa. Konsoli na ekrani zinakula karibu wati 20. Gawanya: saa moja na nusu.

Swali la tatu: nini kitoke? Nilitosha kisoma-sidii, maana ni kizito na kinakula kuran. Kadi ya kumbukumbu yenye programu ya Free McBoot inaamsha konsoli bila sidii, halafu programu nyingine ndogo inafungua video kutoka flashi. Fenicha na bati la kupoza joto nilipishia nafasi kwanza, usiziondoe kamwe. Ekrani ni ya inchi 7, ile wanaweka kwa gari ya kuangalia nyuma. Inapokea waya wa manjano, lakini inataka volti 12, basi niliongeza kifaa kidogo cha kupandisha volti.

Sasa hatari. Batri za litiamu zinaweza kuwaka. Kilicho chini ya volti 2.5 tupa, usijaribu kukifufua. Weka kadi ya ulinzi inayokata chaji kwenye 8.4. Weka fyuzi. Siku ya kwanza nilibadilisha chanya na hasi kwa haraka zangu. Fyuzi ilikatika, konsoli ikapona. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, hakusema kitu. Fyuzi ya bei ndogo ilikuwa imelipa minerval.

Je, ni kompyuta kweli? Kidogo tu. Mwaka 2002 Sony iliuza kifurushi cha Linux chenye klavie na diski ya gigabaiti 40, lakini kwa zile nene. Yangu haiandiki ripoti. Inaonyesha video na kucheza michezo, basi.

Shambani mama mmoja alitazama video mara mbili, akaenda kwenye shamba lake na kung'oa mimea saba. Kwangu hiyo ilitosha. Jioni konsoli inarudi kwa mdogo wangu, na kuran ikikatika watoto hawaendi tena nyumbani, wanacheza hadi batri ziishe.

Mwenye batri ya laptop iliyokufa asiitupe ziwani. Aniletee. Ya pili ninataka kumuundia yeye, ili ya kwanza ibaki ya muhogo.