Amani Ndiyo Mtaji wa Kwanza wa Umeme Safi

Ndugu wapiganaji na askari polisi, huenda miongoni mwetu wako wanaodhani kwamba habari za umeme ni shughuli ya wahandisi na wenye fedha, na kwamba kazi yetu sisi tuliovaa sare ni kusimama langoni mwa bwawa na kuandika namba za magari. Fikira hiyo si sahihi hata kidogo. Katika makala haya tutaeleza jinsi mashirika yanayozalisha umeme usiochafua hewa yalivyovutwa kuja mashariki mwa Uganda, ni mambo gani yaliyoyavuta, na kwa nini bunduki iliyoshikwa kwa nidhamu imo katika hesabu ya bei anayolipa mwananchi kila awashapo taa.

Tuanze na Jinja. Bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwezi wa Aprili 1954. Nia kubwa ya kulijenga ilikuwa kuita viwanda, navyo vikaitika. Kilijengwa kiwanda cha nguo, na kiwanda cha kuyeyushia shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, upande wa pili wa nchi. Jinja, uliokuwa mji mdogo wa kando ya ziwa, ukawa mji wa viwanda. Kwa muda mrefu baada ya hapo kazi yote ya umeme ilikuwa mikononi mwa shirika moja la umma, hadi Sheria ya Umeme ya 1999 ilipofungua mlango kwa makampuni mengine. Mwaka 2001 shirika hilo liligawanywa mara tatu: la kuzalisha, la kusafirisha na la kugawa umeme.

Mlango ulifunguka, lakini wageni hawakumiminika. Katika miaka ya 2005 na 2006 kina cha Ziwa Victoria kilishuka, mitambo ya Jinja ikapungukiwa maji, na nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Ilibidi ikodishwe mitambo ya dizeli, ambayo gharama yake ilikuwa kubwa mno. Ndipo lilipojengwa bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, likazinduliwa mwezi wa Oktoba 2012.

Hapa yafaa tuielewe hesabu yenyewe. Mtambo wa dizeli hununuliwa kwa fedha kidogo, lakini kila siku hudai mafuta. Bwawa au shamba la sola halidai mafuta. Maji hushuka bure na jua huchomoza bure. Ila gharama yake karibu yote hulipwa mapema, kabla ya kuuza hata uniti moja, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni mkopo. Mkopeshaji naye huuliza maswali matatu: Je, nchi hiyo ina utulivu? Je, mnunuzi wa umeme atalipa? Je, mkataba utaheshimiwa? Akiwa na shaka, hupandisha riba, na riba hiyo huingia moja kwa moja katika bei ya umeme. Bujagali ni ushahidi wa jambo hili. Maji yake ni ya bure, lakini wananchi walilalamikia bei yake kwa sababu ya uzito wa madeni, hata mwaka 2018 mikopo hiyo ikapangwa upya ili ilipwe kwa muda mrefu zaidi na bei ipate kushuka.

Somo hilo lilizingatiwa. Mwaka 2013 Serikali, pamoja na wafadhili wa Ulaya, ilianzisha mpango unaoitwa GET FiT, wa kuvuta makampuni yenye mitambo midogo ya maji, jua na mabaki ya miwa. Mpango ulijibu maswali ya mkopeshaji kwa vitendo. Mikataba ilisanifishwa ili kila kampuni ijue masharti kabla ya kufunga safari. Na nyongeza ya malipo iliwekwa juu ya bei ya kawaida kwa miaka ya mwanzo, wakati mzigo wa deni ni mkubwa. Kwa upande wa sola, makampuni yalishindanishwa kwa bei. Matunda yake yalionekana. Mwezi wa Desemba 2016 kituo cha sola cha Soroti, chenye megawati 10 na paneli 32,680, kilizinduliwa. Mwaka 2017 Tororo nayo ikapata chake cha ukubwa huo huo, na kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mto Siti wilayani Bukwo ukafungiwa mitambo.

Tunaomba msomaji atue kidogo hapo Soroti. Mwezi wa Juni 2003 waasi wa Kony waliingia Teso. Watu walikimbia vijiji vyao, na mji wa Soroti ukajaa wakimbizi wa ndani. Jeshi, likishirikiana na vijana wa Teso waliojiita Arrow Boys, liliwafukuza waasi hao. Kutoka mwaka ule hadi siku paneli zilipoanza kuzalisha umeme ni miaka kumi na mitatu. Hakuna mkataba, hata ungeandikwa kwa wino wa dhahabu, ambao ungemshawishi mtu kutandaza vioo mahali ambapo watu wanalala porini. Wapiganaji waliolala mitaroni Teso hawakutajwa katika mkataba wowote wa umeme, lakini kazi yao ndiyo iliyoutangulia.

Leo tatizo limegeuka sura. Bwawa la Isimba, megawati 183, lilianza kazi mwaka 2019, na Karuma, megawati 600, likazinduliwa mwezi wa Septemba 2024. Sasa uwezo wa mitambo ya nchi umepita megawati 2,000, na mikataba mingine hulazimisha umeme ulipiwe hata usipotumika. Kwa hiyo lazima tuvute pia watumiaji. Huko Jinja kimejengwa kiwanda cha magari cha Kiira, ambacho hushughulika na mabasi ya umeme. Na ujenzi wake ulikabidhiwa shirika la jeshi letu, NEC. Mabasi hayo yanaweza kutembea kwa nguvu za mto ule ule ulioyeyusha shaba zamani.

Lakini adui yupo. Ni mwizi anayefungua vyuma vya minara ya umeme na kuviuza kwa kilo. Njia kubwa za umeme, ikiwamo ile ya Karuma hadi Kawanda, zimeshambuliwa, hata sheria ya 2022 ikaongeza adhabu. Mnara ukianguka, kiwanda husimama, maziwa huharibika, na wodi ya wazazi hukaa gizani. Mkopeshaji naye husoma habari hizo, akapandisha riba.

Wajibu wetu basi ni huu. Doria za njia za umeme zifanywe pamoja na wanavijiji, maana wao ndio huusikia msumeno usiku. Polisi wamfuate mnunuzi wa vyuma chakavu, kwani pasipo mnunuzi hakuna mwizi. Ardhi inapotwaliwa kwa mradi, tusiwe fimbo ya kumwondoa mtu ambaye hajalipwa fidia. Mtu huyo akidhulumiwa, hataulinda mnara unaopita juu ya kaburi la baba yake. Na kambi zetu zenyewe zilipe umeme zinaotumia, maana hatuwezi kumkamata mwananchi kwa waya wa wizi ilhali mita yetu haisomwi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa kwanza anayestahili kupona ni yule mwanakijiji anayelala gizani chini ya nyaya. Siku umeme utakapoingia nyumbani mwake kwa bei anayoimudu, mnara ule utakuwa na mlinzi asiyehitaji zamu.