Mgonjwa wa Akili Hatibiwi kwa Risasi



Ugonjwa wa akili haubagui. Unamshika mkata miwa, unamshika fundi wa mashine, unamshika hata askari mwenyewe. Lakini sisi wa Mafubira, tunaofanya kazi mashambani na viwandani, tuna hatari moja zaidi. Mwenzetu akichanganyikiwa kazini, mara nyingi mkononi ana panga au nyundo, kwa sababu ndiyo kazi yake. Askari aliyeitwa kwa kelele za "Muuaji!" huona panga, haoni mgonjwa. Huamrisha, "Tupa chini!" Mgonjwa anayesikia sauti nyingine kichwani hawezi kutii upesi. Hapo ndipo mtu anaweza kufa bila kosa.

Sheria inasemaje? Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda uhai wa kila mtu. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana, Cuba, mwaka 1990 zinasema askari asipige risasi ya kuua ila pale ambapo hakuna njia nyingine ya kuokoa uhai. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba maneno ya kuwadharau wagonjwa wa akili yaondolewe katika sheria za jinai. Nayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 ilichukua nafasi ya sheria ya zamani ya enzi za Mwingereza. Kwa hiyo mgonjwa ni raia kamili, na mahali pake ni hospitali.

Wako watakaosema polisi hawawezi kubadilika. Mjini Memphis, Marekani, mwaka 1987, familia iliita polisi wamsaidie kijana wao mgonjwa aliyekuwa akijikata kwa kisu. Polisi wakampiga risasi, akafa. Wananchi hawakunyamaza. Mwaka 1988 mji ule ukaunda kikosi cha polisi wanaofundishwa kwa saa 40 namna ya kusema na mgonjwa polepole na kumfikisha kwa daktari. Miji mingi imefuata mfano huo.

Basi sisi tufanye haya:

1. Mwenzetu akianza kukosa usingizi au kusema peke yake, tumpeleke hospitali mapema. Hospitali ya rufaa ya Jinja ina kitengo cha wagonjwa wa akili.

2. Tukilazimika kuita polisi, neno la kwanza liwe, "Huyu ni mgonjwa." Tusipige kelele za mwizi wala muuaji. Ndugu yake aitwe aseme naye.

3. Chama kidai askari wa polisi na walinzi wa malango wafundishwe kazi hii.

4. Chama kidai mgonjwa wa akili apewe likizo ya ugonjwa kama mwenye malaria. Wengi huficha ugonjwa kwa kuogopa kufukuzwa, mpaka siku unapolipuka.

Leo ni yule, kesho ni mimi au wewe. Umoja ni nguvu!