Muhuri wa Kibali na Maduka ya Kale ya Kisumu

Ukipita Barabara ya Oginga Odinga, inua macho juu ya mabango ya simu na dawa. Kwenye paji la baadhi ya maduka ya zamani utaona mwaka uliofinyangwa kwa saruji, pengine na jina la aliyejenga. Chini yake baraza yenye nguzo, ambapo mpita njia hujikinga na jua la saa nane na mvua ya jioni. Maduka haya yaliletwa na reli. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo, na nyuma yake wakaja wafanyabiashara kutoka Bara Hindi.

Duka la aina hiyo linapobomolewa, lawama huelekezwa kwa Makumbusho ya Taifa. Kwa maoni yangu, zinapotea njia. Anayeamua hatima ya jengo la kawaida la mjini ni afisa wa mipango wa kaunti, siku anapopiga muhuri kwenye mchoro.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliiachia serikali kuu majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Mipango ya miji ikapewa kaunti. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, waziri hushauriana na Makumbusho ya Taifa kisha hulitangaza jengo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na tangu hapo haliguswi ovyo. Lakini kibali cha kujenga hutolewa na kaunti, kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Jengo ambalo halijatangazwa gazetini, faili yake ikifika mezani haina hata alama ya kumzindua afisa. Anachokiona ni nyumba kuukuu kwenye kiwanja cha bei.

Mnara wa saa wa Kisumu hausumbui kichwa. Ulizinduliwa na Gavana wa kikoloni Robert Brooke-Popham tarehe 19 Agosti 1938, kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871 na kufia Kampala mwaka 1910. Umesimama barabarani, hauna mpangaji wala mrithi wa kuuuza. Stesheni ya zamani na majengo yaliyoizunguka ni habari nyingine: ardhi ni ya Shirika la Reli, na jiji halina sauti kubwa juu ya mali ya shirika la serikali kuu. Ndiyo maana sehemu kongwe zaidi ya Kisumu ndiyo ambayo jiji lina uwezo mdogo zaidi wa kuilinda.

Kesi ngumu ni maduka ya watu binafsi, na ugumu wake ni wa hesabu. Kwa desturi ya miji ya Kenya, kodi ya ardhi hukadiriwa kwa thamani ya kiwanja kana kwamba ni kitupu. Mwenye duka la ghorofa moja hulipa sawa na jirani aliyejenga ghorofa sita kwenye kiwanja cha ukubwa uleule, ilhali jirani anakusanya pango mara sita. Mabati yakianza kuvuja, huyu wa kwanza ataita fundi au dalali? Mimi simlaumu akimwita dalali. Kinyume chake, kuta za mawe za Thimlich Ohinga kule Migori, zilizoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, zimepona karne nyingi bila chokaa wala saruji, na mojawapo ya sababu ni kwamba hakuna aliyetaka kujenga maduka pale.

Mombasa ilianza mapema kuhifadhi. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na kuna ofisi maalumu ya hifadhi inayotazama michoro ya milango, roshani na kimo cha nyumba kabla fundi hajashika sururu. Faida ya mtindo huo ni kwamba huhifadhi mtaa mzima. Hakuna haja ya kubishania duka moja moja. Kanuni ya aina hiyo Kisumu ingesema baraza ibaki, paji lenye mwaka libaki, ghorofa mpya zirudi nyuma zisionekane kutoka barabarani. Ila kanuni haizibi paa. Zanzibar ina Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985, na bado sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Kwa hiyo lazima mwenye jengo apate kitu. Mumbai, tangu kanuni zake za 1995, humruhusu mwenye jengo la kihistoria kuuza haki ya ghorofa ambazo hakujenga. Mnunuzi huzijenga kwingineko mjini. Kisumu haihitaji kuanza na jambo zito hivyo. Bunge la kaunti likipitisha msamaha wa sehemu ya kodi ya ardhi kwa anayetunza baraza na paji, hesabu ya mwenye duka itaanza kubadilika.

Nafasi iliyo karibu zaidi imo katika hati za viwanja. Viwanja vingi vya miji yetu vilitolewa na serikali ya kikoloni kwa mkataba wa miaka 99, na ile ya miaka ya 1920 inakwisha sasa hivi. Mwenye kiwanja anapoomba kuongezewa muda, kaunti huulizwa maoni kabla ya mkataba mpya kuandikwa. Hapo afisa wa mipango anaweza kupendekeza sharti la sentensi moja kuhusu sura ya mbele ya jengo, na likikubaliwa litamfunga hata atakayenunua baadaye. Lakini ili aliandike, lazima awe na orodha ya majengo hayo, yenye picha na namba ya kila kiwanja, kabla faili haijapita.