Dawa haipo kwenye barafu: sonona, mganda na kioda mwambao wa Nyasa

Wiki chache zilizopita mwenzetu mmoja alituonyesha video ya mwanamke wa Ulaya anayeteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chembamba chini. Anasema mchezo huo ndio uliomtoa kwenye sonona. Mimi niliyezaliwa wilaya ya Nyasa nikacheka kidogo. Kwetu ukisema barafu, watoto wanadhani unauza zile za ubuyu za kwenye kifuko. Uwanja wa barafu ninaoufahamu huku Afrika Mashariki ni ule uliofunguliwa Nairobi mwaka 2005, katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Ukitokea Mbamba Bay, kufika huko tu ni safari ya siku kadhaa.

Lakini usiku kicheko kiliisha, nikamkumbuka mama yangu mdogo. Basi nikaanza kusoma: ni kweli mchezo unaweza kumsaidia mtu mwenye sonona? Na kama ni kweli, ni kitu gani hasa kinachosaidia? Barafu, au kitu kingine ambacho hata sisi tunacho?

Kwanza, sonona siyo huzuni tu

Huzuni kila mtu anaijua. Inakuja, inauma, inapungua. Sonona ni ugonjwa. Mtu anakosa raha au hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Usingizi unaharibika, chakula hakipandi, mwili unakuwa mzito, kichwa hakitulii, anajiona hana thamani. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye hali hii duniani ni zaidi ya milioni 280.

Mama mdogo anakaa kijiji kimoja kati ya Liuli na Mbamba Bay. Mume wake alikuwa mvuvi. Siku moja mwera ulivuma kwa nguvu, mtumbwi ukapinduka, hakurudi. Msiba ulipita, arobaini ikapita, watu wakarudi kwenye shughuli zao. Yeye hakurudi. Dagaa hakuanika tena. Mchana analala, usiku yuko macho. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema anajidekeza. Neno alilolisikia mara nyingi kuliko yote ni "jikaze". Shida ya neno hilo ni kwamba linamdai mgonjwa kitu kilekile ambacho ugonjwa umemnyang'anya.

Tuufungue mchezo wenyewe

Tumwangalie tena yule mwanamke wa kwenye barafu. Ndani ya saa moja anafanya mambo manne kwa pamoja. Misuli inafanya kazi na moyo unakwenda mbio. Akili yote iko miguuni, maana akizubaa anaanguka. Wiki hii anajua kugeuka, wiki iliyopita hakujua. Na ana siku maalumu ya kwenda, na watu watakaouliza asipoonekana. Barafu ni sakafu tu. Tuyachukue mambo hayo moja moja.

Mwili unafanya nini

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha jaribio la watu 156 wenye sonona, wote wa miaka 50 na zaidi. Kundi la kwanza lilipewa dawa ya sertralini, la pili lilifanya mazoezi mara tatu kwa wiki, la tatu likapata vyote viwili. Waliokunywa dawa walianza kupata nafuu mapema zaidi. Lakini baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa karibu sawa. Walipofuatiliwa baadaye, wale wa mazoezi hawakurudiwa na ugonjwa mara nyingi kama wenzao.

Mwaka 2024 jarida la BMJ lilitoa uchambuzi mkubwa zaidi: majaribio 218, washiriki 14,170. Kutembea, kukimbia polepole, yoga na mazoezi ya kunyanyua uzito vyote vilipunguza dalili. Kucheza dansi nako kulionyesha nafuu kubwa, ingawa majaribio yake yalikuwa machache, kwa hiyo tusishangilie kupita kiasi.

Inatokeaje? Njia ni nyingi na wanasayansi bado wanazifuatilia. Moja inahusu protini iitwayo BDNF, ambayo ni kama mbolea ya seli za ubongo: inazisaidia kukua na kuungana. Mazoezi yanaiongeza. Nyingine ilionekana kwa panya mwaka 2014 huko Sweden. Mtu au mnyama akiwa na msongo, mwili hutengeneza kemikali iitwayo kinurenini, ambayo ikiingia kwenye ubongo inachangia dalili za sonona. Misuli iliyozoea mazoezi huibadilisha iwe aina isiyoweza kupenya hadi huko. Yaani paja lako linafanya kazi ya kichujio kwa niaba ya kichwa chako!

"Sisi tunalima kutwa, mazoezi gani tena?"

Swali hili nililipata kwa binamu yangu wa Mbinga, na ni swali zuri. Anayelima ngoro kwenye miteremko ya Umatengo hahitaji mtu wa kumfundisha kutoka jasho. Kuchimba yale mashimo, kubeba kahawa mgongoni, kupanda kilima na kushuka, si mchezo. Mbona wakulima nao wanaugua sonona?

Uchambuzi mmoja wa mwaka 2017 ulitenganisha aina za shughuli za mwili. Shughuli ambazo mtu amezichagua mwenyewe wakati wa mapumziko ziliendana na afya njema ya akili. Nguvu zinazotumika kazini hazikuonyesha hivyo. Ukiwa na jembe shambani, mawazo ya deni la pembejeo yanaendelea kukuzunguka. Unayacheua kama ng'ombe anavyocheua majani. Misuli inachoka, kichwa hakijapumzika. Kwa hiyo jasho peke yake halitoshi. Inategemea unalitoa wapi, kwa sababu gani na uko na nani.

Mdundo, na watu wa pembeni yako

Sasa turudi ziwani. Ukishuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, ukafika kijijini siku ya sherehe, utakuta mganda wa wanaume au kioda cha wanawake. Mganda ni wa ukoo wa ngoma za beni, zilizoanzia Pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuigiza bendi za jeshi. Askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia wakazisambaza hadi bara. Ndiyo maana hadi leo unaona mistari iliyonyooka, sare, na hatua zinazokwenda pamoja kama gwaride. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975.

Hatua hizo si za kubahatisha. Ukikosea, mstari mzima unaonekana umekosea. Kwa hiyo akili inabidi iwe pale kwenye ngoma, kwenye mguu wako na wa jirani yako. Huwezi kuhesabu mdundo na papo hapo ukacheua mawazo. Ni kama yule wa kwenye barafu anayeogopa kuanguka.

Halafu kuna hili la kwenda pamoja. Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi nchini Brazil. Wengine walicheza kwa mwili mzima, wengine kwa mikono tu wakiwa wamekaa. Wengine walifuata hatua zilezile kwa pamoja, wengine kila mtu na zake. Baadaye walipimwa uvumilivu wa maumivu kwa mkanda wa kupimia shinikizo la damu, unaobana mkono. Waliotumia nguvu walivumilia zaidi. Waliocheza kwa pamoja nao walivumilia zaidi, hata wale waliokaa. Ni dalili kwamba mwili unatoa endofini, kemikali yake ya kutuliza maumivu. Pia walijisikia kuwa karibu na wenzao. Wale vijana hawakucheza kioda, lakini jasho na mdundo wa pamoja ni vilevile.

Na kundi lenyewe lina nguvu zake hata bila ngoma. Mwaka 2003 zilichapishwa habari za jaribio la vijiji 30 vya Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, sehemu zilizoumizwa sana na UKIMWI. Wenyeji walikuwa na neno lao la hali ya mtu kujichukia mwenyewe, yo'kwekyawa. Watu wenye sonona wa kijiji kimoja walikutana kwa dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Dawa hazikutumika. Kwenye vikundi, waliokuwa na vigezo vya sonona walipungua kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Vijiji ambavyo havikupata vikundi vilishuka kutoka 94 hadi 54.7.

Kutenda kabla ya kujisikia

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Wengi tunaamini mtu anacheza kwa sababu amefurahi. Mwenye sonona naye anaamini hivyo, kwa hiyo anasubiri ajisikie vizuri ndipo atoke. Siku haifiki. Akikaa ndani anakosa vitu vidogo vinavyoleta nafuu, akivikosa anazidi kuzama, akizama anazidi kukaa ndani.

Kuna tiba inayoukata mzunguko huo kwa upande wa pili: mgonjwa anapanga shughuli ndogo kwa ratiba na kuifanya bila kusubiri hamu. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la watu wazima 440 nchini Uingereza. Tiba hii, iliyotolewa na wahudumu wa kawaida wa afya ya akili, haikupitwa na tiba ya mazungumzo ya gharama zaidi inayotolewa na wataalamu waliosomea kwa muda mrefu.

Wanawake wa kioda wa kijijini kwa mama mdogo hawajasoma Lancet. Jumapili moja walikuja mlangoni wakamwambia, "Dada, hatukuja kukuuliza kama unajisikia. Tumekuja kukuchukua." Siku ya kwanza alikaa tu kwenye mkeka pembeni. Ya pili hivyohivyo. Baadaye wakampa kazi ya kutunza sare: kuzihesabu, kuzifua, kuzikunja. Ikawa lazima aende, maana asipoenda sare hazipo. Ilichukua miezi ndipo aliposimama mstari wa nyuma. Na niseme ukweli, katikati ya miezi hiyo alipelekwa pia hospitali, akapewa dawa, akazinywa. Ngoma haikufanya kazi peke yake. Lakini yeye mwenyewe husema dawa zilimpa usingizi, na wenzake wakampa sababu ya kuamka.

Ukitaka kuanza, au kumsaidia mtu

Anza kidogo mno. Dakika kumi za kutembea ufukweni zinatosha kwa wiki ya kwanza. Chagua kitu ulichowahi kukipenda: kwaya, mpira, ngoma, kuogelea mahali salama. Kipangie siku na saa, na mtu wa kukupitia. Usipime kwa furaha, pima kwa kuhudhuria.

Kama ni mwenzako anayeumwa, acha "jikaze". Mpitie, kaa naye, mpe kazi ndogo yenye maana. Akikataa leo, rudi wiki ijayo.

Kama unatumia dawa usiziache kwa sababu umeanza mazoezi, mwulize daktari kwanza. Na mtu akianza kusema bora afe, au kuaga watu, hilo si la ngoma. Usimwache peke yake, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, mama mdogo alikuwa mstari wa pili. Nikamweleza habari ya yule mwanamke wa barafu. Akafikiri, akaniuliza swali moja tu: "Na yeye ana wenzake wa kumpitia?"